Usiushushe Mti Huo

Siku ya mwisho ya Mei, Lioba Kessel aliamka na neno moja tu moyoni: kesho. Kesho Tammo, fundi wa ngomeni, anaondoka Kaldenach, na yeye hajamwambia kitu.

Alifungua dirisha, akatazama juu kwanza, kama alivyozoea tangu Machi. Ngome ilikuwa pale pale kileleni, mnara nusu na kuta zilizoliwa na miaka, na chini yake mistari ya mizabibu ya baba yake ikiteremka mpaka kwenye mapaa ya mji. Lakini jukwaa la mafundi halikuwapo tena. Walilibomoa jana. Ukuta uliokuwa umeinamia shamba lao kama mlevi sasa ulisimama wima, na juu yake hapakuwa na mtu.

Ndipo akatazama chini. Chini ya dirisha lake, kwenye bomba la maji ya mvua, ulikuwa umefungwa mti wa Mei, mti mwembamba wa gome jeupe. Majani yalishakauka yakajikunja, na tepe zake za karatasi zilikuwa zimepauka kwa mvua. Ile nyekundu ilikuwa imechujuka, ikaacha mchirizi ukutani.

Leo mwenye mti angekuja kuushusha.

"Mwenye bahati ni mdogo wangu Veit," Lioba alijisemea, akafunga dirisha.

Maana Kaldenach, miaka yote, wavulana ndio wanaokwenda msituni usiku wa kuamkia Mei mosi. Wanakata mti, wanaupamba, wanaufunga kwenye nyumba ya msichana wanayempenda, na hawaachi jina. Mwezi ukiisha kijana anajitokeza kuushusha mwenyewe. Mama wa nyumba anampa keki, baba anampa kreti ya bia, na msichana, akipenda, anampa busu. Lakini mwaka mrefu, ule ambao Februari inaongezewa siku, mambo yanageuka na zamu inakuwa ya wasichana. Mwaka huu ulikuwa mrefu. Kwa hiyo mti ulipoonekana kwa akina Kessel hakuna aliyejisumbua kuuliza ni wa nani katika nyumba ile. Mvulana wao ni mmoja tu.

Jikoni, mvulana mwenyewe alikuwa mbele ya kioo kidogo cha juu ya sinki, ananyoa ndevu kwa mara ya pili.

"Utabakiza kidevu kweli?" Shangazi Walburga alimuuliza. Alikuwa ameketi mahali pake karibu na jiko, bakuli la stroberi mapajani, anatoa vikonyo. Alikuwa dada mkubwa wa baba yao. Hakuolewa, na nyumba ile hakuwahi kuihama.

"Shangazi, leo usinianze."

"Sikuanzi. Namhurumia binti wa watu. Atadhani anabusu yai."

Mama Irmgard alicheka, mikono imejaa unga. "Mwache mwanangu. Hivi, Veit, wewe unamdhania nani?"

"Mimi sijui, Mama," Veit alisema kwa sauti ya mtu anayejua. "Ila yule Annelie wa duka la mikate siku hizi ananiongezea mkate."

"Anakuongezea ule wa jana," Lioba alisema.

"Una wivu, dada. Zamu ilikuwa yenu mwaka huu. Ungetaka si ungebeba wa kwako? Nani alikushika mguu?"

Aliyemshika mguu alikuwa ameketi pale pale mezani, anakoroga kahawa. Ilikuwa mwezi wa Aprili, wanakunywa supu, na Baba Gisbert alisema bila kupandisha sauti: "Hakuna mti utakaotoka nyumba hii kupanda ngomeni." Hakutaja jina. Aliendelea kunywa supu yake. Na Lioba, ambaye tayari alikuwa amenunua tepe za samawati na kuzificha chini ya sweta zake za baridi, alikubali kwa kichwa. Tepe zilikuwa bado zimo humo.

Sasa baba yake alisukuma kikombe. "Kreti iko chini kwenye pishi. Binti akija, Veit, umpokee vizuri, usimletee mizaha. Na wewe, Lioba, vaa kitu kizuri. Ni siku ya mdogo wako."

"Ndiyo, Baba."

Lakini kabla ya kuvaa kitu kizuri alipanda shambani. Alisema anakwenda kufunga machipukizi, na kweli aliyafunga, mstari wa juu kabisa, ule unaogusana na ukuta wa ngome. Huko ndiko yote yalikoanzia. Tammo Eilers alikuwa fundi mwashi, mmoja wa wale vijana wanaotembea nchi nzima wakitafuta kazi na ujuzi, wenye kofia pana, fimbo ya safari, suruali ya kodrai ya kijivu, na hereni moja ya dhahabu sikioni. Hawaruhusiwi kubeba simu. Hawaruhusiwi kukaribia kwao mpaka miaka yao ya barabarani iishe, wala kukaa mahali pamoja zaidi ya miezi mitatu. Siku ya kwanza alimwomba maji. Siku ya pili alimrudishia chupa ikiwa imeoshwa. Siku ya tatu Lioba alijikuta anaanza kazi kutokea mstari wa juu, yeye ambaye maisha yake yote alianzia wa chini.

Alikumbuka siku moja ya Aprili, mvua imewabana wote wawili chini ya upinde wa lango la ngome.

"Kwetu, kando ya bahari, hakuna mlima hata mmoja," Tammo alimwambia. "Ukisimama mlangoni unamwona mgeni wako tangu anatoka kwake."

"Kwa hiyo mnapata muda wa kujificha."

"Au wa kuchemsha maji. Inategemea nani anakuja."

"Na ningekuja mimi?"

Alikuwa amesema kwa mzaha. Lakini Tammo hakucheka. Alimtazama, matone yanadondoka ukingoni mwa kofia yake, akamtazama mpaka Lioba akageuza uso kuuangalia mto, matishari yanayopita, chochote kile.

"Ningechemsha maji," alisema mwishowe, taratibu.

Basi. Hawakuwahi kusema zaidi ya hapo. Na Mei ilipoingia, Tammo akawa mkimya ghafla. Asubuhi alimtazama Lioba kama mtu anayesubiri kitu, na jioni alishuka njia ya nyuma. Lioba aliona ameshachoka, moyo wake umeshatangulia barabarani. Alilia mara moja, akapangusa uso kwa glovu ya kazi, akaendelea kufunga mizabibu.

Saa kumi, saa ya kahawa, meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cha Pasaka. Keki ilikuwa katikati. Veit alikaa akitazama mlango, na kila hatua iliyopita barabarani ilimnyoosha mgongo. Kisha mlango ukagongwa.

"Tulia," Shangazi Walburga alimwambia. "Usifungue kama unazima moto."

Veit alifungua. Mlangoni alisimama Tammo, amevaa suti yake kamili ya safari, vifungo vyote vimefungwa, kofia mkononi na msumeno mdogo kwapani. Begani alikuwa ameegemeza ngazi.

"Habari za mchana," alisema. "Nimekuja kushusha mti wangu."

Veit alimwangalia Tammo, akaiangalia keki, akamwangalia Tammo tena.

"Mti wako?" alisema. "Umeniwekea mimi?"

"Hapana, ndugu yangu. Samahani. Si wako."

Shangazi Walburga alianza kukohoa, na kila mtu mle ndani alijua kikohozi kile ni cha namna gani. Lakini Lioba hakusikia kikohozi wala kitu kingine. Alikuwa amesimama na birika la kahawa mkononi, na damu imempanda mpaka masikioni. Mwezi mzima. Mwezi mzima ameufungulia mti ule dirisha kila asubuhi na kumwonea wivu mtu asiyemjua.

Baba Gisbert alisimama. "Kijana, mwaka huu ni mrefu."

"Unasemaje, mzee?"

"Ni zamu ya wasichana. Mwanaume haweki mti mwaka huu. Hilo hata mtoto wa Kaldenach analijua."

Tammo alibadilika rangi. "Sikuambiwa," alisema. "Mafundi wenzangu walinielekeza msituni, wakaniazima na ngazi. Walicheka sana siku ile. Nikadhani wanafurahi pamoja nami." Kisha akageuka kwa Lioba, na ikawa kana kwamba wengine wote wametoka nje. "Kumbe hukujua?"

"Sikujua," Lioba alisema.

"Nilikuona kila siku pale chini ya ukuta. Unanisalimia vile vile, unanipa maji vile vile. Hukusema neno. Nikasema basi, amekataa, ila ni mtu mwenye adabu."

"Nilidhani ni wa Veit. Wote tulidhani ni wa Veit."

"Mimi hasa," Veit alisema kwa unyonge. Alikaa chini, na kwa kuwa hakujua afanye nini, alijikatia keki.

Mama Irmgard alilichukua birika mkononi mwa binti yake. "Kaa, mwanangu," alimwambia Tammo. "Mti umewekwa, keki imepikwa. Kaa ule."

"Asimame kwanza," Baba Gisbert alisema. "Tammo, nikwambie kitu. Wewe ni fundi mzuri. Ukuta ule nimeupiga teke mwenyewe jana na haukutikisika. Sina neno na mikono yako. Neno langu ni miguu yako. Umebakiza muda gani barabarani?"

"Mwaka na nusu, mzee."

"Na kesho unakwenda wapi?"

"Kusini, milimani. Baada ya hapo sijui. Ni mahali kazi itakaponichukua."

"Simu huruhusiwi."

"Siruhusiwi."

"Kwa hiyo binti yangu akae dirishani mwaka na nusu anaangalia barabara. Hajui uko hai, hajui umekufa, hajui umepata mwingine." Baba Gisbert aliweka kiganja mezani. "Kiti hicho cha dirishani tunakijua nyumba hii. Sitaki kukiona kinakaliwa mara ya pili."

Kila mtu alijitahidi asimtazame Shangazi Walburga. Na yeye aliona.

"Taja jina langu tu, Gisbert. Sitavunjika."

"Sijakutaja, dada."

"Hujanitaja miaka yote. Huo ndio ubaya wenyewe." Aliweka bakuli chini na kujipangusa vidole, kimoja kimoja. "Tammo, mimi nilikuwa na mtu wa matishari. Akipita hapa alipiga honi, na mimi natoka mbio mpaka ukingoni, mikono ya unga hivi hivi, nampungia. Safari nyingine alishuka tukakaa kidogo. Halafu honi ikaacha kupiga. Ndugu yangu huyu alikuwa mdogo, aliniona nikikaa pale dirishani, na tangu hapo hana amani na watu wanaopita."

"Pole, Shangazi," Tammo alisema.

"Pole ya nini? Yule hakuniahidi kitu, na mimi sikumwomba. Niliona aibu kumwomba. Hakuacha hata kijiti kwenye ukuta wetu." Alimgeukia mdogo wake. "Huyu ameacha mti mzima, Gisbert, na mji wote umeuona. Hayo si mambo mamoja."

"Mji wote umedhani ni wa Veit."

"Mimi sikudhani. Lile fundo nililiona siku ile ile ya kwanza. Hakuna msichana wa Kaldenach anayefunga hivyo, ni fundo la watu wa baharini."

Mama Irmgard aliduwaa. "Wifi! Ukanyamaza mwezi mzima?"

"Ningesemaje? Mwenye mti ndiye wa kuutangaza. Halafu Veit alikuwa anaoga kila siku, nikaona tusiharibu."

Hata Baba Gisbert mdomo ulimcheza. Lakini alitikisa kichwa. "Nimesema. Ashushe mti wake, ale keki, achukue bia yake kama ilivyo desturi, na kesho aende salama. Mambo yaishe kwa heshima."

Tammo aliinamisha kichwa. Hakubishana. Alivaa kofia, akachukua ngazi, akatoka. Walimsikia akiiegemeza ukutani, karibu na dirisha.

Lioba alibaki amesimama. Sauti ile ya ngazi kwenye ukuta ilimwingia kifuani. Alijiona keshokutwa, na mwezi ujao, na wakati wa mavuno, akifungua dirisha, na chini hakuna kitu ila mchirizi mwekundu. Alijua atakuwa binti mzuri. Atakubali kwa kichwa, na tepe za samawati zitakaa chini ya sweta mpaka atakapozitupa mwenyewe.

Alitoka mbio.

Tammo alikuwa amefika vidato vya juu, msumeno tayari kwenye kamba.

"Usiushushe," Lioba alisema.

Alitazama chini. "Baba yako amesema."

"Nimemsikia. Nakuuliza wewe. Walipokwambia habari za mti huu, walikwambia nani anayeushusha?"

"Aliyeuweka."

"Mwingine anaruhusiwa?"

"Walisema hapana. Walisema aliyeuweka lazima aje mwenyewe, hata akiwa mgonjwa."

"Basi," Lioba alisema, na akajikuta ameshika ngazi kwa mikono yote miwili. "Usiushushe leo. Ukiushusha leo umemaliza kwetu. Hutakuwa na sababu ya kurudi Kaldenach. Uache hapo hapo ulipo, Tammo, na uje uushushe ukimaliza barabara yako."

Kule mtoni tishari lilikuwa linapita, limelemewa na kokoto, na mlio wa injini yake ulirudi kutoka kwenye mawe ya ngome.

"Ni muda mrefu," Tammo alisema. "Siwezi kukuomba ungoje muda wote huo."

"Hujaniomba. Mimi ndiye ninayeomba. Si mwaka wa wasichana huu?"

Alishuka, kidato kwa kidato, mpaka wakawa uso kwa uso. Vidole vyake vilikuwa na nyufa nyeupe za chokaa ambazo sabuni haikuweza kuzitoa. Aliinua mkono karibu na shavu la Lioba, akausimamisha hapo hapo bila kumgusa, kama mtu anayepima joto la jiko.

"Kila nitakapolala," alisema, "nitajua nina mti kwenye bomba la maji la mtu. Sijawahi kuacha kazi nusu, Lioba. Sitaweza kupumzika."

"Ndivyo ninavyotaka. Usipumzike."

"Na wewe?"

"Mimi nitafungua dirisha."

Ndipo Lioba akamshika kofia kwa pande zake mbili, akamvuta, akampa lile busu ambalo desturi inasema msichana hutoa akipenda. Alipenda. Alipomwachia, Tammo aliokota fimbo yake ya safari iliyokuwa chini ya ukuta, akaishika upande usiofaa.

Kutoka mlangoni sauti ya Baba Gisbert ilisema: "Hautakaa kwenye bomba langu mwaka na nusu. Upepo wa Novemba utaung'oa pamoja na bomba, na bomba litavunja dirisha."

Tammo alimpa mkono mzee yule, akampa Mama, akampa Shangazi Walburga, aliyemshikilia kidogo zaidi ya wengine. Veit alimletea kipande cha keki kwenye karatasi.

"Bia iache," Veit alimwambia. "Hujaushusha. Utainywa siku hiyo."

"Mtaitunza?"

"Siahidi hiyo hiyo."

Tammo akaondoka bila kusubiri kesho, maana aliona akilala usiku mmoja zaidi atavunja sheria zake zote. Alipita barabara ya mtoni, kofia yake ikiwa juu ya vichwa vya wageni waliokuwa wanapiga picha ngome. Kaldenach si nchi tambarare. Barabara inakunja mara tu baada ya kanisa, mwamba unaingia katikati, na mtu akifika hapo haonekani tena. Lioba alitazama mpaka kofia ikafika kwenye mwamba. Ikasimama. Kisha hata hiyo ikaondoka.

Aliendelea kuutazama mwamba.

Alishtuliwa na ngazi ikigonga ukuta tena. Baba yake alikuwa anapanda polepole, goti lake moja halikunjiki vizuri, na mfukoni mwa koti lake la shamba kumetokeza mkasi wa kukatia mizabibu.

"Baba, tafadhali."

"Shika ngazi."

"Baba, nakuomba usi..."

"Lioba. Shika ngazi, nitaanguka."

Alishika ngazi. Alifumba macho asione. Akasubiri mlio wa mkasi, na ulipokuja ulikuwa mlio mfupi wa kitu chembamba na kigumu, haukuwa wa mti. Alifumbua macho. Baba yake alikuwa amekata kipande cha waya, ule waya wanaofungia mizabibu, na alikuwa anauzungusha kwenye shina jeupe na bomba, juu ya fundo la Tammo. Aliuzungusha, akausokota, akaujaribu kwa mkono. Akakata kipande kingine.

"Kamba peke yake haivuki majira ya baridi," alisema, uso umeelekea ukutani. "Tena huku chini nitaweka mwingine. Na usije ukafikiri vingine. Nafanya hivi kwa ajili ya bomba."

"Ndiyo, Baba," Lioba alisema.

Tepe moja iliyopauka ilimpiga baba yake usoni. Aliisogeza kando taratibu, akaendelea kufunga.